Loperamide au Flagyl, ipi inafunga tumbo haraka? Naombeni ushauri

Kibatari: Wakuu, salaam. Nina mgonjwa anaharisha tangu juzi, leo mara nane, maji matupu. Muuza duka la dawa kasema Flagyl, mpangaji mwenzangu anaapa Loperamide ndiyo kiboko. Nichukue ipi? Niko Mbagala, pesa ya mawazo.

Mzaramo Asilia: Majani machanga ya mpera, chemsha, kunywa. Mimi chipsi mayai za Buguruni zilinihamishia chooni na redio yangu.

Dawa Baridi: Hizo hazishindani. Flagyl inaua amiba na giadia, vijidudu vya tumboni. Kama ni kirusi, unameza uchungu bure. Loperamide haiui kitu, inapunguza mwendo wa utumbo tu, na mwenye homa kali au damu kwenye choo asiiguse. Anza na ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji safi. Mgonjwa ana umri gani?

Kibatari: Ni mtu wa nyumbani. ORS anaitapika. Mimi nauliza hizo mbili tu.

Bi Mkora: Kaulizwa umri, analeta ukoo.

Kibatari: Miezi kumi. Msinirukie jamani, ni meno yanaota. Na Loperamide nilishampa, nilifungua kidonge nikampa unga nusu, saa kumi na mbili jioni. Imesaidia, ametulia, hata kulia halii.

Dawa Baridi: Huo utulivu usiufurahie! Chini ya miaka miwili hapewi kabisa. Utumbo unaweza kusimama, mtoto akasinzia mpaka pumzi ikapungua. ORS akiitapika unasubiri dakika 10, unarudia kijiko kimoja kimoja. Zinki miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14. Ila hayo baadaye, sasa hivi hospitali.

Ustaadh Tandika: Vijana mnazaa kabla ya kujifunza kulea. Mama yake yuko wapi?

Shoka la Bucha: Wakuu, chai hii. Mwezi uliopita huyu alifungua uzi wa kutafuta mchumba, "sina mke wala mtoto". Leo ana wa miezi kumi? Sukari imezidi.

Bi Mkora: Nilijua tu. Subirini namba ya kuchangia.

Kibatari: Sitaki senti ya mtu. Ni wa dada yangu, kaniachia kaenda msibani Tanga, kafiwa na mkwewe. Nikimwambia atageuza usiku huu huu.

Mzaramo Asilia: Tanga hiyo hiyo yenye majani ya mpera.

Dawa Baridi: Chai au si chai, nijibu hili: mara ya mwisho kukojoa ni saa ngapi?

Kibatari: Saa saba mchana. Nilidhani ni kwa sababu hanywi.

Shoka la Bucha: Toka mkuu. Tutabishana kesho.

Kibatari: Niko kwenye bajaji. Dereva katandika gazeti kwenye kiti. Dada anapiga, sijapokea.

Bi Mkora: Pokea.