Wauza mtumba wa Tanga, acheni kutuvunjia mashine za zamani kwa ajili ya kopa (shaba) na mekyuri (zebaki) ya uongo

Wakuu, hasira hii ninayo tangu Jumatatu mchana. Leo nimeona niiandike hapa, maana nikiendelea kukaa nayo nitarudi pale dukani, na nikirudi tutashikana mashati.

Mimi ni mtu wa Makorora, Tanga. Kwa miaka tisa sasa natafuta mashine za zamani za kufyonza vumbi, hizi wengi tunaziita vakyumu. Ninazo kumi na moja, saba zinawaka. Kila nikipata nafasi nazunguka Ngamiani kwenye maduka ya vitu vya mtumba, nafika Mgandini, naingia kwenye mabanda ya skrepa, na nikisikia nyumba ya zamani inahamwa Raskazone au Bombo mimi nimeshafika kabla ya gari la mizigo. Vumbi la stoo za watu nimelila sana.

Sababu ninayo. Mzee wangu alikuwa boi kwa meneja wa shamba la mkonge upande wa Muheza tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kila siku baada ya chai ya saa nne alipitisha mashine kwenye zulia la sebuleni. Ilikuwa ya duara kama mpira, mrija wake unachomoza juu katikati na kuzunguka kila upande, kwa hiyo mtu anaiweka katikati ya chumba na kuizunguka yeye. Ukiiwasha, hewa inayotoka chini inainyanyua kidogo, inateleza sakafuni bila magurudumu. Mzee anaisimulia mpaka leo, na anaiga mlio wake kwa mdomo. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 yule meneja aliondoka, na mashine haikuonekana tena. Mimi nimekuja kuijua jina ukubwani: Hoover Constellation, iliingia sokoni mwaka 1954.

Kuna wanaoniuliza kwa nini nihangaike Tanga wakati Dar ndiko kwenye makontena. Ni mkonge, ndugu zangu. Tangu yule Mjerumani Hindorf alipoleta miche ya mkonge huku mwaka 1893, mashamba yalileta mameneja Wajerumani, kisha Waingereza, Wagiriki, Wahindi. Na umeme wa maporomoko ya Pangani ulifika kwenye mashamba yetu wakati sehemu kubwa ya nchi bado inawasha koroboi. Palipokuwa na meneja, umeme na zulia, palikuwa na vakyumu. Ndiyo maana zimejaa kwenye stoo za Muheza, Korogwe, Pongwe, na hapa mjini. Zilikuwa zimejaa, niseme hivyo, maana tunazimaliza.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Alhamisi iliyopita kijana mmoja wa mtumba, duka lake silitaji, alinionyesha kitu nyuma ya mafriji mabovu, kimefunikwa gunia. Nikatoa gunia. Constellation! Bluu iliyopauka, ina mkwaruzo mmoja ubavuni, kibati cha jina kipo na herufi zinasomeka. Mrija haukuwepo, lakini huo unatafutwa. Nikaigusa feni kwa kidole, ikazunguka laini, haikwami wala haikwaruzi. Beringi nzima. Nikasukuma waya wa umeme pembeni, maana mpira wake ulishakauka na kupasuka kama ganda la muhogo, na waya wa namna hiyo hauchomekwi kwenye plagi kabla hujaubadilisha.

Alitaka elfu tisini. Tukakubaliana sabini. Mfukoni nilikuwa na elfu thelathini, nikampa kama kishika uchumba, akaniandikia kwenye karatasi ya daftari, tukatia sahihi wote wawili. Nikamwambia mara tatu: "Mwanangu, usiiwashe, usiifungue, usiipige rangi. Jumatatu nakuja na arobaini yako."

"Wewe tena mzee wangu, ondoa shaka."

Usiku ule nikampigia mzee. Nikamwambia, baba, nimeipata ile ya duara. Akanyamaza, halafu akauliza kama bado inanyanyuka.

Jumatatu naingia dukani, nakuta nusu ya chini ya ile mashine iko mezani kwake imejaa misumari. Nusu ya juu iko sakafuni, ukingo umepindwa kwa tindo pande tatu. Klipu za kuunganisha nusu mbili zipo, mtu angezifungua kwa vidole, dakika moja tu! Wao walitumia tindo na nyundo. Mota haipo. Namuuliza mota iko wapi, ananiambia kwa sauti ya chini kwamba kuna watu walimwambia mashine za namna hii zina mekyuri ndani, wakaja Jumamosi usiku wakafungua, hawakuona kitu, basi kopa yake akaipeleka skrepa "isipotee bure".

Kopa ya mota ile haifiki hata kilo moja. Ameuza mashine ya elfu sabini, iliyokwisha kupata mnunuzi, kwa pesa ya kula siku moja.

Hebu tuliongee hili la mekyuri wazi, maana limeua vitu vingi mno mkoa huu. HAKUNA mekyuri ndani ya vakyumu. Ndani kuna mota, feni, kaboni mbili ndogo za kupitisha umeme kwenye mota, mfuko wa vumbi na swichi, basi. Mimi nimefungua kumi na moja mpaka skrubu ya mwisho. Ni uongo uleule wa cherehani za Singer. Mwaka 2009 uvumi huo ulivuma mpaka Saudi Arabia, watu wakanunua cherehani kuukuu kwa mapesa ya ajabu wakitafuta mekyuri nyekundu, na ulikuwa uzushi mtupu. Huku kwetu umehamia kwenye redio za mbao, pasi za mkaa, na sasa vakyumu. Anayekuja kukuambia "vunja tuangalie" hapotezi chochote. Kinachovunjwa ni mali yako.

Na ndugu yake uongo huo ni "hii ya Mjerumani". Tanga kila kitu kikuukuu ni cha Mjerumani, na bei inapanda hapohapo. Mwezi wa tatu kwenye mnada mmoja dalali alinadi vakyumu ya plastiki, PLASTIKI wakuu, akiapa kwamba ilitoka kwenye nyumba ya Mjerumani kabla ya vita. Utawala wa Mjerumani ulifukuzwa Tanga na Mwingereza mwaka 1916. Mashine ya umeme ya kusukuma kwa mkono Spangler, yule mfagizi wa Ohio, aliipatia hataza mwaka 1908, akamuuzia Hoover. Zile ndefu za Electrolux za kuteleza kwa reli zake kama sleji, kile kigari cha kuteleza kwenye theluji, zilianza 1921, utawala wa Mjerumani umeshaondoka. Anayekuuzia ya Mjerumani muombe akuonyeshe kibati. Mimi nilipokiomba siku ile niliambiwa kama sinunui nipishe wengine.

Vibati vyenyewe navyo wanaviua. Mtindo wa sasa ni kupuliza rangi ya fedha mashine nzima ili ionekane mpya. Inapulizwa juu ya kromu, juu ya bekelaiti (ile plastiki ngumu ya zamani), juu ya kibati chenye modeli na volti, mpaka kwenye matundu ya kutolea hewa. Niliinunua moja hivyo Chumbageni. Nilikaa wiki mbili na kitambaa na mafuta ya taa nikiitoa rangi kidogo kidogo, na chini yake nikakuta kromu nzima kabisa inang'aa. Nani alikuomba uipulize?

Na kibati kikishafichwa mnunuzi anaungua. Hizi za kwenye makontena nyingine zinatoka Japani, volti 100, nyingine Marekani, volti 120. Umeme wetu ni 230. Muuzaji anakata plagi ya kwao, anafunga ya pini tatu, anakuwashia sekunde tano, unasikia inanguruma kwa nguvu kuliko kawaida, unafurahi. Hiyo si nguvu, hiyo ni mota inalia. Ukifika nyumbani ukaiendesha dakika mbili tatu inatoa moshi. Jirani yangu, mama mjane, alinunua moja hivyo kwa ajili ya makochi yake, akaniletea ikiwa inanuka vanishi iliyoungua. Kusuka upya waya za mota ile ni ghali kuliko bei aliyoinunulia. Aliporudi dukani akaambiwa kilichouzwa hakirudishwi. Muuzaji alikuwa anajua, ndiyo maana alikata ile plagi.

Nirudi kwa huyu wangu. Nilimwomba elfu thelathini yangu. Akasema pesa imeshaingia kwenye mzunguko, nichukue bodi. Nikaenda naye serikali ya mtaa na karatasi yetu yenye sahihi. Tuliamuliwa anirudishie elfu kumi na tano siku ileile, nyingine mwisho wa mwezi, na zile nusu mbili nizichukue. Misumari yake akaimwagia kwenye ndoo mbele yangu. Na mmoja wa waliokaa pale akaniambia, mtu mzima mwenzangu, "Sasa bwana, mfagio si upo?"

Hilo ndilo lililonichoma kuliko pesa. Sitafuti cha kufagilia. Watu wanakuja Tanga kutoka nje kupiga picha nguzo za nyumba za wakoloni na stesheni ya reli, tunajisifu mji wetu una historia. Vitu ambavyo wazee wetu walivishika kwa mikono yao kila siku, wakavipangusa, wakavibeba, wakapigiwa kelele kwa ajili yake, hivyo tunavipiga tindo. Mzee wangu hana picha hata moja ya miaka ile ya kazi. Mashine ile ndiyo ingekuwa picha yake.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Nimeona mnavyouliza, nawajibu kwa pamoja.

Aliyeuliza kama zinatengenezeka: ndiyo, na si kwa gharama kubwa kama mota ni nzima. Kaboni zikiisha unanunua za drili au grainda, unazipiga msasa mpaka ziingie kwenye nafasi yake bila kubana. Waya badilisha wote, usionee huruma wa zamani. Mfuko mimi nilishonesha kwa fundi cherehani, kitambaa cha marekani tabaka mbili, unafuliwa na kurudishwa.

Aliyesema ninawaharibia vijana riziki: hapana, na naomba unielewe. Kijana akiniletea mashine nzima, chafu hivyohivyo, mende ndani, bila rangi, bila kufunguliwa, ninamlipa mara nyingi ya pesa ya skrepa na nauli juu. Wapo wawili watatu wa Mgandini wananijua, wakiona kitu wananipigia kabla ya mtu yeyote, na hatujawahi kugombana hata siku moja.

Aliyenishauri nimtaje: sitamtaja, elfu kumi na tano yangu bado iko kwake na tarehe tuliyopewa haijafika.

Ninachoomba kwenu ni kimoja. Nusu mbili za Constellation ninazo, ukingo nimeanza kuunyoosha kwa nyundo ya mbao, unakubali. Natafuta mota yake na feni yake, hata kama imeungua, kusuka nitasuka. Kama uko Muheza, Korogwe, Lushoto au Pangani na kuna mpira wa bati umelala stoo ya babu yako, tafadhali usiupeleke skrepa, niandikie ujumbe nikufuate. Nitakuja hata kwa bodaboda, hata mvua inanyesha. Mzee amepiga tena leo jioni kuuliza ninaileta lini, nikamwambia bado naifanyia usafi.