MREJESHO: Modeli ya kikundi, kuta zisizokutana na kitako kilichopinda

Niliuliza kwa nini vipande vya modeli yetu ya jengo, skeli ya 1:100 (sentimita 1 kwa kila mita 1), kila kimoja na mkataji wake, havikukutana, na kitako cha kadibodi kikajikunja. Asanteni wakuu, majibu yamefanya kazi.

Kosa la kwanza lilikuwa kwenye printa. Michoro miwili ilichapwa kwa "tosheleza ukurasa", ikasinyaa. Kabla ya kukata, pimeni kwa rula mstari wa mchoro unaowakilisha mita 10: usiposoma milimita 100, chapeni upya.

La pili ni kona. Fomubodi yetu ya kuta (ubao wa povu katikati ya karatasi mbili) ina unene wa milimita 5, na kwenye skeli hii hiyo ni nusu mita nzima! Kuta mbili zikikatwa kwa urefu kamili wa nje, moja lazima izidi. Dawa: kwenye ukuta mmoja kata karatasi ya ndani milimita 5 kutoka ukingoni, kwangua povu, bakiza karatasi ya nje ifunike ncha ya mwenzake. Wembe ukianza kuchana povu badala ya kulikata, vunja ncha yake butu, tumia mpya.

Kitako kilipinda kwa sababu gundi nyeupe ina maji, na ilipakwa upande mmoja tu. Sasa ni tabaka jembamba la gundi, karatasi imebandikwa pande zote mbili, vitabu vizito juu hadi asubuhi. Gundi ya viatu msiiguse kwenye povu, inalila.

Limebaki paa. Halijagandishwa, linainuliwa ili ndani paonekane.