Akash ya India: neno "la nyumbani" lina maana gani kwa kombora lililochukua miaka 32?

Kipanga wa Tanga

Wanajukwaa, salaam. Tangu mapigano ya India na Pakistan ya Mei 2025 nimekuwa nikikutana na jina Akash, mfumo wa makombora ya kutungulia ndege ambao India inasema imeubuni na kuuunda yenyewe. Kwa Kihindi neno hilo maana yake ni anga. Nimesoma kadiri nilivyoweza, lakini yapo mambo ambayo bado sijayapatanisha.

Mradi ulianza mwaka 1983, ndani ya mpango wa makombora matano ulioongozwa na A. P. J. Abdul Kalam, yule aliyekuja kuwa rais wa nchi hiyo mwaka 2002. Hata hivyo, jeshi la nchi kavu lilikabidhiwa mfumo huo Mei 2015, na jeshi la anga likaupokea rasmi Julai mwaka huohuo, kule Gwalior. Miaka 32 inamtosha mtu kuzaliwa, kusoma, kuoa na kuanza kulipa karo za wanawe. Zaidi ya hayo, nikiweka picha ya kombora la Akash kando ya picha ya Kub la Kisovieti naona pacha wawili: mabomba manne ya kuingizia hewa ubavuni, na makombora matatu juu ya kila mtambo wa kufyatulia. Je, walibuni au walinakili? Na kama kweli wanalo la kwao, kwa nini mwaka 2018 walitia saini mkataba wa kununua S-400, mfumo mwingine wa kutungulia ndege, kutoka Urusi? Naomba mwenye ujuzi anifafanulie bila ushabiki, kwa kuwa wa ushabiki nimewasoma wa kutosha.

Fundi Mawimbi

Ndugu Kipanga, suala hili limezua mabishano hata nchini India kwenyewe, kwa hiyo niwie radhi nikienda polepole.

Nianze na huyo pacha. Jeshi la India lilikuwa na Kub, katika toleo la kuuzwa nje liitwalo Kvadrat, tangu miaka ya 1970, na wahandisi wa maabara ya DRDL ya Hyderabad walilifahamu vizuri. Walichokichukua ni wazo la injini. Kombora la roketi ya kawaida huunguza fueli yake katika sekunde za mwanzo, kisha huendelea kwa msukumo uliobaki kama jiwe lililotoka kwenye kombeo. Rubani anayewindwa akikata kona kali, kombora nalo hulazimika kukata kona, na kila kona hulipunguzia kasi ambayo haliwezi kuirudisha. Injini ya ramjeti huondoa udhaifu huo. Kwanza roketi ya fueli yabisi hulisukuma kombora hadi lipite kasi ya sauti. Fueli hiyo ikiisha, chumba kilekile ilimoungulia hugeuka kuwa chumba cha ramjeti, hewa ikaingia kwa nguvu kupitia yale mabomba manne, ikabanwa na mwendo wenyewe bila pangaboi lolote, na kombora likaendelea kusukumwa karibu njia nzima kwa kasi inayozidi mara mbili ya sauti. Ndiyo maana mabomba yanafanana. Hewa haina uraia, na kwenye kombora lenye kipenyo cha sentimita 35 maumbo ya kuikamatia si mengi.

Ukifungua pua ya kombora, upacha unakwisha. Kub lina kipokezi puani kinachofuata mwangwi wa mawimbi ambayo rada ya ardhini inaimulikia ndege. Akash la awali halina jicho la aina yoyote. Linaongozwa kama tiara, ila uzi wake ni redio: rada iitwayo Rajendra, iliyobuniwa na maabara ya LRDE ya Bengaluru, huifuatilia ndege ya adui na huku inalifuatilia kombora lenyewe, kompyuta hukokotoa mahali watakapokutana, kisha amri za kugeuka kushoto, kulia, juu au chini hurushwa kwa kombora hadi dakika ya mwisho. Kwa hiyo ubongo wote umebaki ardhini. Kombora la kilo 720 lenye kilipuzi cha kilo zipatazo 60 likawa rahisi kuundwa, na kazi ngumu yote ikahamia kwenye rada.

Humo ndimo miaka ilimozama. Rajendra haielekezi mwali wake kwa kuzungusha sahani. Huuelekeza kwa umeme, kwa kutumia maelfu ya vipande vidogo vinavyogeuza awamu ya mawimbi, na hivyo huweza kufuatilia shabaha 64 kwa wakati mmoja. Nchi zilizokuwa na vipande hivyo zilikataa kuiuzia India, na mwaka 1987 mataifa saba yenye viwanda vikubwa yakaanzisha utaratibu wa MTCR wa kuzuia teknolojia ya makombora isisambae, utaratibu ambao India ilikuja kukubaliwa kujiunga nao mwaka 2016 tu. Ikabidi vipande hivyo vibuniwe nyumbani, kwa msaada wa chuo cha IIT Delhi, kisha vitengenezwe kwa maelfu vikiwa sawasawa, jambo ambalo ni tofauti kabisa na kutengeneza kimoja kinachofanya kazi mezani. Kombora liliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1990. Majaribio yaliyolifanya jeshi la anga liweke oda yalifanyika Chandipur, pwani ya Odisha, Desemba 2007. Kati ya tarehe hizo mbili, aliyekuwa akisubiriwa ni rada na programu zake zaidi ya kombora.

Kuhusu neno "la nyumbani": serikali ya India, iliporuhusu Akash iuzwe nje Desemba 2020, ilisema zaidi ya asilimia 96 ya mfumo ni ya ndani. Mimi asilimia hazinishughulishi sana. Ninachouliza ni kimoja: adui akibadilisha mbinu wiki hii, nani ana haki na uwezo wa kuifungua programu ya mtambo na kuirekebisha wiki ijayo? Kwa mfumo ulionunuliwa utaandika barua kwa aliyekuuzia na kungoja. Kwa Akash wahandisi wanaitwa kutoka Bengaluru na Hyderabad.

Bi Nuru

Fundi, maelezo yako ya ramjeti ni mazuri na nimejifunza. Hata hivyo, umelifunika jambo ambalo Kipanga alipaswa kuambiwa mapema, yaani kwamba kuunda nyumbani hakumzuii mtu kuunda vibaya.

Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya India, katika ripoti iliyowasilishwa bungeni Julai 2017, alieleza kuwa kati ya makombora 80 yaliyokuwa yamepokewa hadi Novemba 2014, makombora 20 yalifyatuliwa kwa majaribio na sita yakashindwa, yaani asilimia 30; mengine yaliangukia kabla ya kufika kwenye shabaha, mengine yakawa na kasi pungufu. Tena ripoti hiyohiyo ilionyesha kuwa kwenye vituo sita vilivyokusudiwa mfumo ulikuwa haujasimikwa, na sehemu ya lawama ilikwenda kwenye ujenzi wa majengo uliochelewa. Fikiri juu ya hilo: ramjeti imepatikana, rada imepatikana, halafu kinachokwamisha ni saruji na mabati.

Kuna pia udhaifu wa ule mwongozo wa tiara, ambao umeupita haraka mno. Rada ikikosea kwa mita moja katika kila kilomita, kwenye kilomita 5 kosa ni mita 5 na kilipuzi cha kilo 60 kinalifidia. Kwenye kilomita 25, ambazo ndizo karibu ukomo wa Akash la awali, kosa limekuwa mita 25 na ndege inaweza kupita salama. Kadiri ndege inavyokuwa mbali ndivyo mfumo unavyoona kwa ukungu, na jicho puani lingefanya kinyume chake, kwa maana lenyewe linazidi kuona vizuri kadiri linavyokaribia. Kibaya zaidi, kikosi kizima chenye mitambo minne ya kufyatulia na makombora 12 kinategemea Rajendra moja. Ikipigwa hiyo, yaliyobaki ni mabomba yaliyopakiwa kwenye magari.

Fundi Mawimbi

Dada Nuru, sina la kupinga katika ripoti ya mkaguzi, na hesabu yako ya kosa la pembe ni sahihi. Naomba tu uongeze kilichofuata, kwa sababu kinahusu swali la msingi. Udhaifu ulioutaja ndio uliozaa toleo la Akash Prime, lililojaribiwa Septemba 2021, ambalo limewekewa jicho la rada puani na kurekebishwa lifanye kazi kwenye baridi ya milimani. Julai 2025 lilitungua ndege mbili zisizo na rubani huko Ladakh, mahali palipo juu ya mita 4,500 kutoka usawa wa bahari. Kombora lililonunuliwa likionekana kuwa na upungufu wa namna hiyo, mnunuzi huletewa toleo jipya na bei mpya.

Kipanga wa Tanga

Nawashukuru nyote wawili. Bi Nuru, hiyo hesabu ya mita kwa kilomita imeniingia kuliko kurasa zote nilizosoma. Bado nina maswali mawili. Lile la S-400 halijajibiwa. Pili, katika habari za Mei 2025 wengine wameandika Akash na wengine Akashteer. Je, ni kitu kimoja kilichoandikwa vibaya?

Mlinzi wa Zamu

Nimekuwa nikisoma kimya tangu mwanzo, niruhusuni nijibu haya mawili.

S-400 na Akash hazigombei kazi moja. Ulinzi wa anga hupangwa kwa matabaka, kama ukuta, kisha uzio, kisha mlango. S-400 ina kombora linalofika kilomita 400 na hutumika kuziweka mbali ndege kubwa za uchunguzi na za mashambulizi. Tabaka la kati India imelijaza na kombora la Barak-8 lililobuniwa kwa ushirikiano na Israeli, lenye masafa ya kilomita zipatazo 70. Akash hushika kilomita 25 hadi 30 za mwisho kuzunguka kiwanja cha ndege, daraja au ghala, na chini yake kuna mizinga na makombora madogo ya mabegani. Nchi iliyojitengenezea mlango bado inaweza kununua tofali za ukuta, na katika hili sioni aibu yoyote.

Akashteer si kombora. Ni mtandao wa kompyuta na mawasiliano uliotengenezwa na kampuni ya Bharat Electronics kwa jeshi la nchi kavu, unaokusanya picha za rada mbalimbali kuwa picha moja, ili kamanda ajue ni kikosi kipi kifyatue na wawili wasipoteze makombora kwa shabaha ileile. Bharat Electronics hiyohiyo huunganisha mfumo wa Akash kwa jeshi la anga, na Bharat Dynamics ndiyo inayounda makombora, kwa hiyo mkanganyiko wa waandishi unaeleweka.

Kuhusu Mei 2025 tuwe waangalifu. Serikali ya India ilitoa taarifa ikiisifu Akash kwa kushiriki kuzuia droni na makombora ya Pakistan, ikiitaja sambamba na mifumo mikongwe ya Kisovieti ya Pechora na OSA-AK pamoja na mizinga. Pakistan inayaeleza mapigano hayohayo kwa namna yake. Mimi jambo lililonigusa ni kwamba mifumo iliyonunuliwa enzi ya Usovieti ilikuwa bado zamu wakati ule, ikiwa bega kwa bega na ile iliyokusudiwa kuchukua nafasi yake.

Bi Nuru

Mlinzi, umeeleza vizuri, ila hapo kwenye tofali umewahurumia mno. Akash ingekuwa tayari miaka ya 1990 kama ilivyotarajiwa, Pechora zisingekuwepo zamu.

Fundi Mawimbi

Hapo tuko pamoja, Dada. Nimalizie na pacha wa Kipanga, kwa kuwa kisa chake kina mwisho wake. Kizazi kipya kiitwacho Akash-NG, kilichoruka Chandipur Julai 2021 na tena Januari 2024, kimeiacha ramjeti kabisa. Badala yake kina roketi ya fueli yabisi inayowaka mara mbili, mara ya kwanza wakati wa kufyatuliwa na mara ya pili kombora linapokaribia shabaha, hivyo kasi inarudi pale inapohitajika. Kombora limekuwa jembamba na jepesi zaidi, lina jicho lake puani, masafa yake yanafika kilomita 70 hivi, na hukaa ndani ya kasha lililofungwa mpaka siku ya kufyatuliwa. Yale mabomba manne hayapo tena.

La zamani nalo halijastaafu. Machi 2023 wizara ya ulinzi iliagiza mifumo ya Akash iliyoboreshwa ya kutosha regimenti mbili za jeshi la nchi kavu, Desemba mwaka huohuo kikosi kimoja kikatungua shabaha nne kwa mkupuo kule Suryalanka, Andhra Pradesh, na Novemba 2024 shehena ya kwanza ikaenda Armenia, nchi iliyozoea silaha za Kisovieti tangu kuzaliwa kwake. Nadhani mafundi wa huko walipofungua makasha na kuona yale mabomba ubavuni hawakuhitaji kuelezwa ramjeti ni nini, lakini Rajendra ilibidi waanze kujifunza upya.