Mmenipa uenyekiti, saini na mhuri mmebaki navyo!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitazificha.

Mkutano mkuu wa AMCOS yetu, chama cha ushirika cha wakulima wa korosho huku kusini, ulinichagua kuwa mwenyekiti. Nina miaka 29. Wanachama walinipa kura wenyewe, wakasema wamechoka kucheleweshewa malipo na kusomewa hesabu zisizoeleweka.

Msimu umefika, kumbe nimepewa kiti tu. Watia saini wa benki ni walewale wazee wa bodi iliyopita. Benki haibadilishi majina bila muhtasari wa kikao, na muhtasari nikiupeleka hawautii saini. "Subiri kwanza mwanangu, utazoea." Nizoee nini? Mhuri wa chama nao unalala nyumbani kwa mzee mmoja. Juzi mnada umeshapita, fedha zimeingia, orodha ya malipo iko mezani, mzee kaenda msibani wilaya ya jirani na mhuri kwenye mkoba wake! Wakulima wamenijia mimi. Mama mmoja anayedaiwa shuleni kwa mwanawe ameniuliza mbele za watu, "Mwenyekiti, hela yangu iko wapi?" Nimebaki naangalia chini.

Vikao ndiyo usiseme. Nafungua kikao, mzee ananikatiza: "Binti, agiza soda kwanza." Nikihoji kilo zinazopungua kati ya mizani yetu na ghala kuu, naambiwa penye wazee haliharibiki neno. Limeshaharibika! Kilo zinapotea na anayekatwa ni mkulima.

Shikamoo nawapa wote. Ushauri wao nauhitaji pia, maana wameona misimu mingi kuliko mimi. Lakini anayenishikia kalamu hanishauri, ananizuia kazi niliyochaguliwa kuifanya. Mwalimu Nyerere alikabidhiwa TANU mwaka 1954 akiwa na miaka 32. Salim Ahmed Salim alipelekwa Misri kuwa balozi mwaka 1964, miaka 22 tu. Yule aliaminiwa kubeba jina la nchi nzima, mimi siaminiwi hata kushika mhuri wa AMCOS?

Kikao kijacho ajenda ni moja: watia saini wabadilishwe na mhuri ukae ofisini, kabatini, chini ya kufuli. Wakigoma naenda kwa afisa ushirika, kisha mkutano mkuu maalumu, wanachama waamue wenyewe.

Mliopitia haya kwenye AMCOS zenu, mliwabanaje mpaka wakasaini muhtasari? Nijibuni hapahapa, wakulima wanasubiri hela zao.