Mrejesho: leseni ya vileo toka Masasi kwenda Nachingwea

Wakuu nimerudi. Niliuliza kama leseni ya vileo ya grosari yangu ya Masasi naweza nikahama nayo Nachingwea maana muda wake ulikuwa haujaisha. Haiwezekani aisee. Afisa biashara wa huku kanielewesha vizuri tu, kwa Sheria ya Vileo ya 1968 leseni inatolewa na mamlaka ya eneo husika na inaendana na jengo lenyewe, sasa halmashauri ya Masasi itakuruhusuje uuze bia wilaya nyingine, tena mkoa mwingine kabisa, kule Mtwara huku Lindi. Kwa hiyo naomba upya kama mgeni, bwana afya aje akague jengo na vyoo, barua ya mtendaji, ndo nipewe kontroo namba nilipie. Hela ya kule ndo basi tena (inauma ila ndo hivyo). Leseni ya biashara nayo upya. TIN ileile, TRA unabadilisha anwani tu. Na yule mdau aliyesema nimuachie mpangaji mpya leseni pamoja na mafriji, mkuu leseni aende akaombe halmashauri ya kule kwa jina lake, mafriji nakuja nayo. Hela za korosho zikianza kutoka nataka niwe nishafungua.