Punje nyekundu ya mtoni: rubi au chupa?

KijanaWaTabata: Shikamooni wakubwa. Wiki iliyopita nilikuwa kwa mjomba, bonde la Umba kule Tanga. Nikachekecha kokoto za mtoni kwa chekeche la unga, nikapata punje nyekundu kama harage. Nimerudi nayo Dar, kila usiku naimulika kwa tochi ya simu. Nitajuaje kama ni rubi, kile kito chekundu, au kipande cha chupa tu?

MzeeWaKokoto: Marahaba. Itazame kwa lenzi: viputo vya duara ni dalili ya chupa. Umba ina garneti nyingi (kito kingine, mara nyingi chekundu), rubi na yakuti pia. Vito hivyo ni vizito kuliko mchanga, hivyo tafuta chini ya kokoto, nyuma ya mawe makubwa, pale maji yanapopunguza kasi. Napenda sana sehemu hizo!

DadaUpanga: Kuchimba kunahitaji leseni, mdogo wangu.

KijanaWaTabata: Haina kiputo hata kimoja!