Watu 168 waliwezaje kuiangusha dola ya Wainka?

Mdadisi

Habari za wakati huu, wanajukwaa. Nimekuwa nikisoma kuhusu tukio la Cajamarca, katika Peru ya leo, la tarehe 16 Novemba 1532, ambapo Mhispania Francisco Pizarro, akiwa na watu 168 tu, alimkamata Atahualpa, mtawala wa Wainka, mbele ya maelfu ya watu wake. Kila maelezo ninayoyasoma hutaja farasi, chuma na bunduki, kisha mjadala hufungwa. Sijaridhika. Dola yenye mamilioni ya watu, barabara zilizovuka milima ya Andes na maghala yaliyojaa chakula, inawezaje kwisha kwa alasiri moja? Naomba wenye ujuzi wanieleweshe.

Mlinzi wa Kumbukumbu

Ndugu Mdadisi, haikuisha kwa alasiri moja. Siku ile alikamatwa mtu mmoja, naye alikuwa ndiyo kwanza ameshinda vita vya kugombea kiti dhidi ya ndugu yake kwa baba, Huáscar, kwa hiyo dola ilikuwa imekwisha kupasuka. Wahispania walidai fidia: chumba kijazwe dhahabu hadi pale mkono wa mtu aliyesimama unapofika, na fedha mara mbili ya hapo. Fidia ikalipwa, na mwezi Julai 1533 wakamnyonga Atahualpa vilevile.

Jambo ambalo ningependa ulishike zaidi ni wenyeji waliochagua upande. Wakañari, Wachachapoya na Wahuanka wa bonde la Mantaro walikuwa wametiishwa na Wainka si zamani sana, na machungu yalikuwa bado mabichi. Hao ndio waliowapa wageni askari, wapagazi, mahindi na lama, wanyama wa mizigo wa Andes. Ukiwaondoa, watu 168 wanabaki kuwa kundi lenye njaa katika milima wasiyoifahamu.

Wahuanka walituachia ushahidi wao wenyewe. Takribani miaka 30 baadaye, wakuu wao walikwenda mbele ya mahakama kuu ya Kihispania mjini Lima wakiwa na kwipu, yaani kamba zenye mafundo zilizotumiwa kuweka hesabu, na hesabu hizo zikasomwa, mwaka baada ya mwaka, na karani akaandika: mahindi kiasi hiki, lama wangapi, viatu, kuni, watu waliofuatana na majeshi. Vilivyotolewa kwa hiari vilikuwa na hesabu yake, na vilivyoporwa vilikuwa na hesabu yake. Kila nikifikia sehemu hiyo moyo huniuma, kwa sababu walihesabu kama watu wanaomdai rafiki.

Msafiri wa Milimani

Nakubaliana na mwenzangu, ila ameuruka ugonjwa. Huayna Capac, baba yao Atahualpa na Huáscar, alifariki katika miaka ya 1520 kwa maradhi ya mlipuko ambayo wanahistoria wengi huyahesabu kuwa ndui, nayo yaliwatangulia askari wa Pizarro. Ninan Cuyochi, aliyetajwa kuwa mrithi, akafa karibu wakati huohuo. Kwa maoni yangu, bila vifo hivyo viwili, huenda ndugu hao wasingefika mahali pa kupigana, na Pizarro angekuta dola moja yenye sauti moja.

Mdadisi

Asanteni sana, mmenifumbua macho. Sasa, kama mwisho haukuwa Cajamarca, ulikuwa lini?

Mlinzi wa Kumbukumbu

Nyongeza ya ndugu Msafiri ni ya haki, naipokea. Kuhusu mwisho, Manco Inca, ambaye Wahispania wenyewe walimtawaza wakidhani atakuwa kibaraka wao, aliasi mwaka 1536 na kuuzingira Cusco, mji mkuu wa Wainka, kwa miezi mingi. Aliposhindwa kuutwaa alihamia Vilcabamba, upande wa misitu, na ukoo wake ukatawala huko hadi mwaka 1572, wakati Túpac Amaru alipokamatwa na kukatwa kichwa katika uwanja wa Cusco kwa amri ya Francisco de Toledo, mwakilishi wa mfalme. Basi kutoka Cajamarca hadi siku hiyo ni miaka 40.

Toledo huyohuyo ndiye aliyeipanga upya mita, yaani kazi ya lazima kwa dola. Neno hilo la Kikechua, lugha ya Wainka, lina maana ya zamu. Enzi za Wainka, mtu aliyekuwa zamuni alilishwa kutoka maghala ya dola na kupewa pombe ya mahindi, na kazi hiyo ilikuwa barabara, mashamba au vita. Toledo alilibakiza jina, akaondoa wajibu wa upande wa pili. Kuanzia miaka ya 1570, mikoa iliyowekwa chini ya mpango huo ilitakiwa kutoa mwanamume mmoja kati ya kila saba, jumla yao zaidi ya 13,000 kwa mwaka, waende kwenye machimbo ya fedha ya Potosí, katika Bolivia ya leo. Ilikuwa kazi ya shokoa. Familia nzima zilitembea majuma mengi na lama wao wakiwa wamebeba chakula cha safari, na ujira uliolipwa haukutosha kumweka mtu hai mjini. Wengi walihama vijiji vyao na kuishi ugenini moja kwa moja, kwa sababu aliyehesabiwa kuwa mgeni hakupangiwa zamu.

Mita ilifutwa na bunge la Kihispania lililokaa Cádiz mwaka 1812.